Namba ya miwani ikipanda, je, glakoma nayo inakimbia?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 36, navaa miwani ya kuonea mbali tangu darasa la tano. Miaka miwili iliyopita namba yangu ilikuwa −6.50, sasa ni −7.50 macho yote mawili. Nilipokwenda kubadilisha miwani niliambiwa mshipa wa fahamu wa jicho hauna sura nzuri. Nikapigwa picha ya OCT, karatasi ikarudi imejaa rangi nyekundu. Presha ya macho ilikuwa 17 kulia na 16 kushoto, na kile kipimo cha kubonyeza kitufe ukiona mwanga kilikuwa karibu kawaida. Kwenye kadi wameandika "anashukiwa kuwa na glakoma". Baba yangu alipoteza jicho moja kwa ugonjwa huo. Je, kutoona mbali kunaifanya glakoma ikimbie? Namba ikipanda ndiyo ugonjwa unasonga? Na nikifanyiwa leza ya kuondoa miwani, hatari itaisha?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umeuliza maswali matatu, ila nadhani linalokukosesha usingizi ni la nne ambalo hukuliandika: je, yaliyompata baba ndiyo yanayonisubiri? Nitalifikia. Nianze na la namba, maana hilo jibu lake ni fupi.

Namba ya miwani haipimi glakoma. Glakoma ni ugonjwa wa neva ya jicho, ule mshipa wa fahamu unaobeba picha kutoka jichoni kwenda ubongoni. Ndani yake kuna nyuzi karibu milioni moja, na ugonjwa huziua kidogo kidogo. Haurefushi jicho la mtu mzima wala haubadilishi mviringo wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na hivyo viwili ndivyo hasa vinavyoamua namba yako. Nimewahi kuwapima watu waliokwisha kupofuka jicho kwa glakoma, namba ya jicho hilo ikawa ile ile ya ujanani mwao.

Kwa hiyo kupanda kwako kutoka −6.50 hadi −7.50 kutafutiwe sababu yake yenyewe. Macho mengi huacha kurefuka mtu akiwa kwenye miaka ya ishirini, lakini baadhi ya yale yaliyo marefu sana huendelea kunyooka taratibu hata utu uzimani. Omba upimwe urefu wa jicho kwa mashine; unaweka kidevu, unatazama taa, imekwisha. Jicho la kawaida la mtu mzima lina milimita 23 na nusu hadi 24 hivi. Likifika 26 tunaliita refu sana. Rudia baada ya mwaka, utajua kama ni jicho linalokua au ni aliyekupima safari hii amekuongezea minasi, yaani namba ya kutoona mbali, kuliko unavyohitaji, kosa linalotokea mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Sukari ya damu ikipanda nayo huweza kuivuta namba upande wa minasi, kwa hiyo ipimwe.

Iko hali moja inayojulikana ambapo namba kupanda ghafla na presha ya jicho kupanda hutembea pamoja, nayo haifanani na yako. Dawa iitwayo topirameti, inayotumika kwa kifafa na kipandauso, huwafanya watu wachache wavimbe ndani ya jicho. Lenzi inasukumwa mbele, mtu aliyekuwa anaona mbali vizuri anaamka haoni mbali, jicho linauma na presha inaruka. Hutokea ndani ya siku au majuma machache tangu dawa ianze. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Miaka miwili kwa namba moja si hadithi hiyo.

Sasa swali kubwa. Ndani yake mna maswali mawili ambayo watu huyachanganya, na sisi madaktari tumo: kutoona mbali kunaongeza uwezekano wa kuipata glakoma, na kutoona mbali kunaiharakisha glakoma iliyokwisha kuingia. La kwanza jibu lake ni ndiyo, bila kigugumizi. La pili si hivyo.

Tulianza kulielewa la kwanza kwa uhakika kupitia utafiti wa Blue Mountains huko Australia, uliochapishwa mwaka 1999, ambamo watu zaidi ya 3,600 wenye miaka 49 na kuendelea walipimwa macho. Miongoni mwa macho yasiyo na tatizo la kutoona mbali, glakoma ilikutwa kwenye asilimia 1.5. Kwenye macho yenye namba ndogo ya minasi ilikuwa asilimia 4.2, na kwenye namba za kati na kubwa asilimia 4.4. Tangu hapo tafiti zimerundikana. Uchambuzi mmoja uliozikusanya, wa mwaka 2022, ulikuta kwamba kila namba moja ya minasi inayoongezeka hupandisha hatari kwa takriban asilimia 20, na mlima unakuwa mkali zaidi kuanzia −6 hivi. Wewe uko −7.50, kwa hiyo umo kwenye sehemu ya mlima. Lakini zitazame tena zile asilimia za Australia kwa upande wake wa pili: hata kwenye kundi la hatari, zaidi ya macho 95 kati ya 100 hayakuwa na glakoma, na hao walikuwa watu wakubwa kwako.

Kwa nini jicho refu liwe dhaifu? Fikiria puto. Lipulize kidogo, ukuta wake ni mnene na rangi yake imekolea. Endelea kulipuliza, rangi inapauka, ukuta unakuwa mwembamba, na kidole kikigusa unaona jinsi ulivyokaza. Jicho lisiloona mbali limevutwa hivyo, hasa upande wa nyuma. Na huko nyuma ndiko neva inakotokea, ikipita kwenye kiungo chenye matundu mengi kama chekeche. Nyuzi zile milioni moja zinapenya kwenye matundu hayo kwenda ubongoni. Jicho likirefuka, chekeche linakonda, matundu yanavutwa yakawa ya mshazari, na mahali pengine kingo zake zinaachia. Presha ya 17 ikisukuma chekeche nene si sawa na presha ya 17 ikisukuma chekeche jembamba, ingawa kwenye kadi zote zinaandikwa 17. Ndiyo maana kwa watu kama wewe sikubali kupumzika kwa sababu tu presha imesomeka chini ya 21, ule mpaka wa kawaida uliozoeleka.

Yapo mengine mawili ya kupita tu. Vijana wasioona mbali, wanaume zaidi, huweza kumwaga chembe za rangi kutoka kwenye duara la rangi linalozunguka mboni, zikaziba mfereji wa maji ya jicho na presha ikapanda. Na wenye namba kubwa za minasi ni wepesi zaidi kupandishwa presha na matone yenye steroidi. Kama kuna mtu amekuandikia matone ya mzio yenye steroidi ukayanunua tena na tena bila kupimwa presha, hilo linanitia wasiwasi kuliko namba yako. Angalia kopo zako leo.

Twende kwenye kukimbia.

Ungetegemea kwamba kitu kinachofungua mlango wa ugonjwa ndicho pia kinachoupa mbio. Takwimu hazikukubali. Huko Uswidi, utafiti wa glakoma changa uliofuatilia wagonjwa 255 kwa miaka mingi, nusu wakitibiwa na nusu wakisubirishwa, uliorodhesha yaliyotabiri ugonjwa kusonga: presha ya juu, umri mkubwa, macho yote mawili kuwa na ugonjwa, uharibifu uliokuwapo tangu mwanzo, na damu kuvuja kwenye ukingo wa neva. Namba ya miwani haikuingia kwenye orodha. Marekani waliwafuatilia watu 1,636 wenye presha ya juu lakini wasio na glakoma bado, waone nani atavuka. Umri, presha, unene wa konea na sura ya kikombe cha neva, yaani shimo la katikati yake, vilitabiri, miwani haikutabiri. Tafiti kadhaa za Asia ya Mashariki, ambako kutoona mbali kumejaa, zimekuta wagonjwa wa glakoma wenye minasi wakisonga sawa na wengine, na mara nyingine polepole kuliko wengine. Zipo pia zilizokuta kinyume, hasa kwenye macho marefu mno ambayo ukuta wake wa nyuma umebonyea na kutoka nje kama nundu. Macho ya namna hiyo huwa machache kwenye tafiti kubwa, na sitakuambia kwamba suala limefungwa kwao. Kwa jicho la −7.50 lisilo na nundu, msimamo wangu ni huu: urefu wa jicho unanipa sababu ya kukufuatilia, haunipi kasi yako.

Kipo kisa kimoja kwenye maandishi ya kitabibu ambacho nikikutana na mgonjwa kama wewe hunijia kichwani. Mwaka 2007 madaktari walieleza habari za wanaume vijana 16 wenye asili ya China, wengi wao wasioona mbali. Neva zao zilikuwa na kikombe cha glakoma, na kwenye kipimo cha uwanja wa kuona walikuwa na upungufu uliofanana kabisa na wa glakoma. Ukipewa karatasi zao bila kuwaona ungeandika dawa siku hiyo. Walifuatiliwa hadi miaka saba. Hawakusonga. Maelezo ambayo wengi wetu tunayakubali ni kwamba jeraha lilitokea zamani, jicho lilipokuwa linarefuka ujanani. Neva ikavutwa, nyuzi zingine zikakatika, kisha jicho likaacha kukua na jeraha likabaki kovu. Kovu na kidonda kibichi vinaweza kufanana kwenye picha ya siku moja. Vinatofautishwa na muda.

Kwa hiyo tunarudi kwenye ile karatasi yako nyekundu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo iliyokutisha.

Mashine ya OCT inapima unene wa safu ya nyuzi kuizunguka neva, kisha inalinganisha na watu iliowekewa kumbukumbu zao. Kijani maana yake uko ndani ya kawaida yao, manjano uko pembezoni, nyekundu uko chini ya asilimia moja yao. Ukitazama mchoro wake utaona mstari wenye nundu mbili kama mgongo wa ngamia wa Asia: nundu ya juu na nundu ya chini, ambako nyuzi ni nyingi. Kwenye jicho refu nyuzi zimevutwa kuelekea upande wa panja, kwa hiyo nundu zote mbili zimesogea, zimekaribiana. Mashine inakwenda kutafuta nundu mahali ilipozoea kuzikuta, inakuta bonde, inapaka nyekundu. Nundu ipo, imehama tu. Juu ya hilo, jicho likiwa refu ile duara ya kupimia inaangukia mbali zaidi na neva, ambako safu ya nyuzi ni nyembamba kwa kila mtu, nyekundu ikaongezeka. Na watu waliojaza kumbukumbu ya mashine wengi wao hawakuwa na macho marefu kama yako. Sisi wenyewe tuna jina la utani kwa hali hii, tunaiita ugonjwa mwekundu: karatasi inaumwa, mwenye jicho haumwi.

Fanya hivi. Chukua karatasi yako, tazama ule mchoro, usitazame rangi. Nundu zipo mbili? Zina urefu wa kuridhisha ingawa zimesogea? Macho mawili yanafanana? Kama ndivyo, pumzi ishuke kidogo. Kama nundu moja, hasa ya chini, imebomoka kama ukuta uliomegwa wakati ya juu imesimama, hilo si la kuhama. Mwambie daktari wako akupige pia picha ya katikati ya retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, akailinganisha nusu ya juu na nusu ya chini ya jicho hilo hilo. Kurefuka kwa jicho huzikondesha nusu zote mbili kwa pamoja. Glakoma hupenda kuanza upande mmoja, na mpaka kati ya nusu mbovu na nusu nzima unakuwa mstari ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Mimi binafsi, kwa namba kama yako, naiamini picha hii kuliko ile ya kuizunguka neva.

Macho yangu nayo hudanganyika. Nikikutazama kwa darubini, neva ya jicho la kawaida inaonekana kama sahani iliyowekwa mezani, unaona kikombe katikati na ukingo wa rangi ya chungwa pande zote. Yako huenda ni sahani iliyoinamishwa, upande mmoja umenyanyuka na mwingine umezama, na pembeni kwenye panja kuna hilali nyeupe kama mwezi mchanga, mahali ambapo tabaka za chini ya retina zimevutwa zikaachana na neva. Kikombe chake ni kifupi na kimepauka, kingo hazisomeki. Ukiwaonyesha madaktari watatu neva hiyo wanaweza kukupa majibu matatu, wote wakiwa waungwana. Kwa hiyo "hauna sura nzuri" si hukumu. Kitu kimoja tu nikikiona pale hakinidanganyi: mstari mwembamba wa damu ukingoni mwa neva, kama mkwaruzo wa kalamu nyekundu. Unakaa majuma machache kisha unapotea, kwa hiyo ukikutwa uandikwe na upigwe picha. Mwenye mkwaruzo huo simwambii asubiri mwaka.

Kipimo cha kitufe nacho kina mtego wake, nilinaswa miaka ya nyuma. Kijana wa −9 aliletwa kwangu na karatasi inayoonyesha pete nyeusi ya upungufu pembezoni mwa macho yote mawili. Presha nzuri, neva ya kuinama, mama yake analia kwenye benchi. Nilikuwa nimeshaanza kuandika matone. Nikamuuliza walimpimaje, akasema walimwekea kioo kwenye kile kishikizo cha chuma, na kilikuwa mbali kidogo na jicho kwa sababu kope zake ndefu zilikigusa. Tukarudia siku nyingine akiwa amevaa lenzi za kuweka machoni badala ya kile kioo. Pete yote ikaondoka. Ilikuwa kivuli cha ukingo wa kioo kinene. Mwenye namba kama yako, kama unazo lenzi hizo, nenda nazo siku ya kipimo na uwaambie kabla hawajaanza.

Lakini usinielewe kwamba kila kitu ni kivuli. Kuna jambo moja kuhusu glakoma ya jicho refu ambalo linanifanya niwe mkali. Kwa kawaida ugonjwa huu huanzia pembeni. Mtu anagonga mlango kwa bega, anaruka ngazi, lakini anasoma gazeti vizuri miaka mingi. Kwenye macho marefu, zile nyuzi zinazotoka katikati ya kuona hupita upande ambao neva imevutwa zaidi, kwa hiyo wakati mwingine upungufu unaanzia karibu kabisa na kituo cha kuona. Mgonjwa anaweza kukuambia herufi inakosekana katikati ya neno, au kwamba anapotazama uso wa mtu jicho moja la yule mtu limefifia. Kupoteza sehemu ndogo ya hapo ni hasara kubwa kuliko kupoteza sehemu kubwa ya pembeni. Na kipimo cha kawaida cha uwanja wa kuona kina nukta 12 tu ndani ya digrii 10 za katikati. Kipo kipimo kingine cha mashine hiyo hiyo, kinaitwa 10-2, kinachoweka nukta 68 katika eneo hilo. Wewe hicho ulikosa. Kiombe kwa jina.

Uanze dawa? Sijakuona, kwa hiyo natoa rai, siandiki cheti. Presha 16 na 17, kitufe karibu kawaida, hakuna aliyetaja damu kwenye neva: mtu wa namna hii mimi humfuatilia kabla sijampa matone. Matone si maji. Ni ya kila siku, kwa muda ambao hakuna ajuaye mwisho wake, na aliyeanzishwa bila ugonjwa kuthibitika ni vigumu baadaye kujua kama alitulia kwa sababu ya dawa au angetulia tu. Ningerudia picha na vipimo baada ya miezi sita, na ndani ya miaka miwili ya kwanza ningetaka vipimo sita vya uwanja wa kuona, idadi inayohitajika ili anayekimbia ajulikane mapema. Presha ipimwe saa tofauti, na unene wa konea upimwe mara moja. Picha mpya nisingeilinganisha na watu wa mashine. Ningeilinganisha na picha yako ya zamani, mashine ile ile kama inawezekana, kwa sababu picha za mashine tofauti hazisomani. Kwa hiyo usitupe ile karatasi nyekundu. Ndiyo jiwe la mpaka. Tukija kuona kwamba ukuta umesogea, tutajua umesogea kutoka wapi.

Yakitokea mojawapo kati ya haya, ningebadilisha msimamo na kuanza mara moja: mkwaruzo wa damu, nundu inayozidi kumomonyoka, au upungufu unaorudia mahali pale pale karibu na kituo cha kuona. Na hapo habari ni njema kuliko watu wanavyodhani. Jicho refu linasikia tiba ile ile, nayo ni kushusha presha hata kama ilikuwa ya kawaida. Utafiti uliotoka mwaka 1998 kuhusu wenye glakoma na presha za kawaida ulikuta kwamba walioshushwa presha kwa asilimia 30, ni asilimia 12 tu waliosonga, dhidi ya asilimia 35 ya walioachwa. Na ule wa Uswidi ulionyesha kwamba kila namba moja ya presha inayoshuka, mathalani kutoka 17 hadi 16, hupunguza hatari ya kusonga kwa asilimia 10 hivi. Njia ni matone, au leza ya kuufungulia mfereji wa maji ya jicho, ambayo siku hizi wengi tunaitoa hata kabla ya matone. Upasuaji ni wa mwisho, na kwa kijana mwenye jicho refu nauogopa zaidi kwa sababu presha inaweza kushuka mno, ukuta mwembamba ukakunjamana na kuona kukaharibika.

Sasa leza ya kuondoa miwani, ambayo ni leza nyingine kabisa, usiichanganye na hiyo niliyoitaja. Hiyo inachonga konea mbele. Urefu wa jicho nyuma unabaki milimita zile zile, chekeche linabaki jembamba lile lile, hatari haipungui hata chembe. Inaongeza usumbufu mmoja: konea iliyochongwa ni nyembamba, na vifaa vya kupimia presha huisoma presha yake chini kuliko ilivyo. Baada ya miaka kumi unakaa kwa daktari mgeni, unavaa macho matupu, kifaa kinasema 13, anakupongeza. Hajui kwamba wewe ni −7.50 wa zamani. Sikukatazi, ila subiri kwanza hili la kushukiwa lipate jibu, na ukifanya, tembea na kadi yenye namba yako ya zamani, unene wa konea na presha za kabla ya kuchongwa. Hilo hilo linawahusu watakaofanyiwa mtoto wa jicho wakapewa lenzi mpya: wanaona mbali, lakini jicho ni lile lile refu.

Kusoma na simu haviiharakishi glakoma, soma utakavyo. Mazoezi mazuri, isipokuwa kusimama kwa kichwa, kwa maana kichwa kikiwa chini presha ya jicho hupanda hata mara mbili. Na nje kabisa ya glakoma, jicho refu hupasuka retina kwa urahisi: ukiona vimulimuli vya ghafla, mvua ya vitone vyeusi au pazia likishuka upande mmoja, nenda siku hiyo hiyo, usingoje ile miadi ya miezi sita.

Kuhusu baba. Undugu ni hatari ya kweli, pengine inanigusa kuliko namba yako, na ukiunganisha viwili hivyo ndiyo sababu sikubali mtu akuambie urudi ukiona tatizo. Lakini muulize mambo mawili: alikuwa na miaka mingapi alipogundulika, na jicho lililopotea lilikuwa limeharibika kiasi gani siku ya kwanza. Wagonjwa wengi wa rika lake waliopoteza jicho walifika wakiwa wameshalipoteza; hawakukimbizwa na ugonjwa mbele ya macho ya daktari. Wewe umefika na kitufe karibu kawaida, ukiwa na miaka 36. Na ndugu zako wa tumbo moja, wanaovaa miwani na wasiovaa, nao wapimwe neva, si presha peke yake.